Kwa nini Blackpool imechagua bembea kubwa badala ya rolakosta nyingine

Msomaji anayeishi Bolton, Uingereza, ambaye kwao ni Mombasa, ameuliza hivi: bustani ya burudani ya Pleasure Beach iliyopo Blackpool ilitangaza kwamba kivutio chake kipya cha msimu wa 2026 ni bembea kubwa ya chuma iitwayo Aviktas, wala si rolakosta, yaani magari ya burudani yanayokimbia kwenye reli yenye vilima, kama yeye na wanawe walivyotarajia. Anataka kujua kama uamuzi huo ni dalili ya kubana matumizi. Kwa nini watu hukubali kupanga foleni ndefu kwa ajili ya mashine inayorudia jambo lile lile pale pale iliposimama. Na kama mashine za namna hiyo ni salama, hasa baada ya yeye kuona picha za ajali iliyotokea Taif, Saudi Arabia.

Ndugu msomaji,

Swali lako la fedha ndilo jepesi, kwa hiyo nianze nalo. Gharama iliyotangazwa ya Aviktas ni pauni milioni 8.72. Rolakosta kubwa ya mwisho kujengwa pale, Icon, iliyofunguliwa mwaka 2018, iligharimu pauni milioni 16.25, na tangu wakati huo bei ya chuma, ya zege na ya mafundi imepanda. Ni kweli basi kwamba bembea imegharimu takriban nusu. Hata hivyo, ukiitazama ramani ya Pleasure Beach utaona kwamba hata kama fedha zingekuwepo za kumwaga, nafasi ya kuipitisha rolakosta nyingine ingetafutwa kwa tochi. Bustani hiyo, iliyoanza mwaka 1896, ina takriban hekta 17 tu, nayo imebanwa na barabara ya ufukweni upande mmoja, na reli pamoja na makazi ya watu upande mwingine. Icon, ambayo njia yake ina urefu wa mita 1,143, ilibidi ipenyezwe juu, chini na kati ya mashine zilizokuwepo, kazi ambayo kwa mhandisi ni ngumu kuliko kujenga kwenye uwanja mtupu. Bembea haihitaji hayo yote. Inahitaji msingi mzito wa zege, nguzo, nafasi ya mkono kupita, jukwaa la kupandia na uzio, basi.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo matangazo hayaigusi. Chukua kwa mfano bembea ya viti 40 ambayo inabembea kwa dakika mbili, kisha inatumia dakika mbili nyingine kushusha watu, kupakia wengine na kukagua vifungio. Hiyo ni mizunguko 15 kwa saa, yaani watu 600, tena kama viti vyote vimejaa na hakuna anayebishana kuhusu mkoba wake. Sasa chukua rolakosta yenye gari la watu 28 linaloondoka kila baada ya sekunde 75, huku gari la pili likipakia wakati la kwanza liko njiani: utapata watu 1,344 kwa saa. Ukizigawa zile gharama mbili kwa idadi hiyo ya watu, utagundua kwamba katika mfano huu, kwa kila mtu anayehudumiwa kwa saa, rolakosta si ghali kuliko bembea, na huenda ikawa nafuu kidogo. Anayetaka kubana matumizi kwa maana halisi ya neno hilo hanunui bembea ya pauni milioni nane; hupaka rangi mpya mashine ya zamani na kuibadilisha jina.

Kwa hiyo sababu iko kwingine, nami naiona katika mgawanyo wa kazi ndani ya bustani yenyewe. Rolakosta mpya ndiyo inayomtoa mtu nyumbani kwake Leeds au Glasgow akakata tiketi, kwa kuwa inaandikwa magazetini na urefu wake unalinganishwa na wa nyingine. Mtu huyo akishaingia, anaipanda mara moja au mbili, kisha anabaki na saa sita za kuzijaza. Kama hakuna kitu cha kumchukua kati ya rolakosta moja na nyingine, atasimama kwenye foleni zile zile tatu pamoja na wenzake wote, na jioni atasema kwamba siku nzima ameitumia kusimama. Mashine kubwa zinazofanya kazi mahali pamoja, yaani mabembea, magurudumu yanayoinuka wima na majukwaa yanayopinduka, ndizo zinazomeza umati huo. Ndiyo maana mimi, nikionyeshwa mpango wa bustani yoyote, huwa siangalii kwanza rolakosta zake. Naangalia kilichopo katikati yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote upo huko huko mliko, nao ni Alton Towers ya Staffordshire. Miaka ya mwanzoni mwa karne hii kijana aliyefika pale alikuwa na Enterprise, gurudumu la vibanda lililoanza kuzunguka likiwa limelala kisha likainuka hadi kusimama wima, ambalo lilikuwepo tangu mwaka 1984. Alikuwa na Ripsaw ya mwaka 1997, jukwaa la viti linaloshikiliwa na mikono miwili na kupinduliwa juu ya chemchemi za maji. Na alikuwa na Submission ya mwaka 2001, mashine nyingine ya kupindua watu. Submission ilifungwa mwaka 2013. Tarehe 2 Juni 2015 magari mawili ya rolakosta iitwayo The Smiler yaligongana, watu 16 wakajeruhiwa na wasichana wawili wakapoteza mguu mmoja mmoja. Kampuni mama, Merlin, ilitozwa faini ya pauni milioni 5 mwaka uliofuata. Wageni walipungua, ajira zikapunguzwa, na msimu wa 2015 ulipokwisha Ripsaw na Enterprise hazikufunguliwa tena. Angalia kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyohusika na ajali. Ziliondolewa kwa kuwa zilikuwa zimezeeka, zinadai vipuri na wahudumu, na hakuna hata moja ambayo jina lake lilikuwa likiuza tiketi.

Kwenye karatasi uamuzi ule ulionekana hauna madhara. Rolakosta zote zilibaki, na mwaka 2018 ikaongezwa nyingine ya mbao, Wicker Man. Lakini kwa mtu mzima asiyetaka rolakosta ya tatu mfululizo ilibaki zaidi ile meli ya kubembea iitwayo The Blade, na malalamiko ya wateja hayakuwa tena juu ya ukosefu wa rolakosta bali juu ya ukosefu wa kitu kingine chochote. Mwaka 2021 bustani ililazimika kuleta mashine tatu za aina zinazohamishwa kutoka maonyesho hadi maonyesho, zikapangwa pamoja chini ya jina la Retro Squad, jambo ambalo kwa bustani yenye hadhi ile lilikuwa ni kukiri pengo hadharani. Ndipo Machi 2025, karibu miaka kumi baada ya Ripsaw kuzimwa, ikafunguliwa Toxicator, mashine ya jamii ile ile ya Ripsaw, kwenye eneo lile lile la Forbidden Valley, iliyotengenezwa na kampuni ile ile ya Huss ya Bremen, Ujerumani. Sioni ushahidi mwingine ulio mzito kuliko huo: waliondoa, wakakaa miaka kumi, wakanunua tena kile walichokiondoa.

Hapa utauliza kwa nini basi Blackpool inajenga bembea kubwa namna hiyo, ya kimo cha futi 138, yaani takriban mita 42, wakati ndogo ingemeza watu vile vile. Jibu moja ni la kibiashara na halihitaji maneno mengi. Alton Towers imefichwa ndani ya mabonde na miti, na haitakiwi kuchomoza juu ya vilele vya miti hiyo. Ndiyo maana rolakosta yake maarufu ya Nemesis ilichimbiwa shimo kwenye mwamba mwaka 1994. Blackpool ni kinyume chake: ni mji wa ufukweni, tambarare, ambao tangu mnara wake wa mita 158 ufunguliwe mwaka 1894 umekuwa ukijitangaza kwa vitu vinavyoonekana kutoka mbali. Mkono wa chuma unaopanda na kushuka hewani ni tangazo lisilolipiwa.

Jibu la pili liko ndani ya mwili wa anayepanda, na hilo ndilo linalojibu swali lako la kwa nini watu huvutiwa. Chukua bembea yenye mkono wa mita 10, ikipanda hadi mkono wake ulale sambamba na ardhi, yaani nyuzi 90 kutoka chini. Inapopita chini kabisa inakwenda kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa, na mwili wako unakandamizwa kitini kwa nguvu iliyo sawa na uzito wako mara tatu. Sasa urefushe mkono uwe mita 20. Kasi inapanda hadi takriban kilomita 71 kwa saa, lakini mkandamizo unabaki pale pale kwenye mara tatu. Wengi hudhani kwamba bembea kubwa inaumiza zaidi, wala sivyo, kwa sababu mkandamizo hutegemea pembe ambayo bembea imepanda na sio urefu wa mkono wake. Ukiipandisha hadi nyuzi 120, kama Aviktas ilivyotangazwa kufanya, unapata mara nne, iwe bembea ni ya mita tano au ya mita hamsini. Mashine halisi hutofautiana kidogo na hesabu hiyo, kwa kuwa mkono nao una uzito na mota zinasukuma, lakini umbo la mambo ni hilo.

Kinachobadilika kwa ukubwa ni muda. Kwenda na kurudi kwa bembea ya mita 10 kwa pembe ile ya nyuzi 90 huchukua takriban sekunde 7 na nusu. Kwa ile ya mita 20 huchukua takriban sekunde 10 na nusu. Ongezeko la sekunde tatu linaonekana dogo mpaka ukumbuke kinachotokea kule juu. Pale mkono unapolala sambamba na ardhi na bembea ikasita kabla ya kurudi, kiti chako na mwili wako vinaanguka pamoja kwa kasi moja, hivyo kiti hakikubebi na wewe hukilalii. Uzito unapotea kabisa. Ikipanda zaidi, hadi nyuzi 120, unavuka hapo ukaingia upande wa pili: unaning'inia kwenye fremu ya mabegani kwa nguvu ya nusu ya uzito wako. Kwenye bembea ndogo hali hiyo hupita kabla akili haijaitambua. Kwenye bembea kubwa unapata muda wa kutambua kwamba huna uzito, wa kuona bahari ikiwa mahali ambapo mbingu inapaswa kuwa, na wa kujua kwamba unarudi chini. Rolakosta nayo hutoa hali hiyo juu ya vilima vyake, ila inaitoa mara chache na kila mahali mara moja tu. Bembea ikishapanda vya kutosha inaitoa katika kila ncha, mara nyingi katika safari moja.

Na tena, si kweli kwamba inarudia jambo lile lile. Mashine hizi zina mizunguko miwili: mkono unabembea, na duara la viti lililopo mwisho wa mkono linajizungusha lenyewe. Tuseme mkono unakwenda na kurudi kwa sekunde 10 huku duara likijizungusha mara moja kwa sekunde 7 na nusu. Kila mkono unaporudi juu upande uleule, duara limezunguka mara moja na theluthi, kwa hiyo ulipokuwa umeelekea ardhini safari iliyopita, sasa umeelekea upande mwingine, na safari ijayo mwingine tena. Kasi hizo mbili hazioani. Mtu aliyekaa upande wa pili wa duara anapata safari tofauti na yako kwa dakika zile zile, na ndiyo maana mkishuka mnasimuliana kama vile mlipanda mashine mbili. Kwenye bembea za jamii hii zenye viti vinavyoangalia nje, kama Maelstrom iliyopo Drayton Manor karibu na Tamworth tangu mwaka 2002, humwoni mwenzako kabisa. Mbele yako kuna hewa tu. Binafsi napendelea viti vya kuangalia nje, ingawa nakubali kwamba vile vya kuangalia ndani vina raha ya kuona nyuso za watu wenye hofu kuliko wewe.

Kuna pia mvuto ambao wapangaji huujua ingawa ni nadra kuuandika katika mipango yao, nao ni wa wale wasiopanda. Rolakosta humchukua mwanao ikampeleka nyuma ya miti, ukabaki umeshika makoti. Bembea haimpeleki popote. Bibi, mama mjamzito, mtoto asiyefikia kimo, wote wanakaa kwenye benchi wakaona kila kitu, wakamtambua mtu wao kwa viatu vyake. Wewe uliyekulia Mombasa huhitaji kufafanuliwa hili, kwa kuwa umeona umati wa Idi pale Makadara: wanaotazama mabembea ni wengi kuliko wanaobembea, na wote wamekuja kwa ajili yake.

Blackpool yenyewe haijaanza jambo hili leo. Mashine kongwe kuliko zote pale inayofanya kazi mpaka sasa, Captive Flying Machine, ni ya mwaka 1904, nayo ni nguzo yenye mikono inayozungusha vyombo vilivyoning'inizwa hadi vikaruka kwa nje. Aliyeibuni ni Hiram Maxim, aliyekuwa akitafuta fedha za majaribio yake ya kuruka angani, na ambaye alikasirika alipozuiwa kuwawekea abiria mabawa ya kweli ya kujiongozea wenyewe. Ndiye huyo huyo Maxim wa bunduki ya rashasha, ile ambayo majeshi ya kikoloni, yakiwemo ya Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji, yaliielekeza kwa watu wetu. Mtu mmoja, kazi mbili. Sina la kuongeza hapo.

Sitaki hata hivyo udhani kwamba kila kikubwa kinafaa. Mwaka 2011 bustani kadhaa za Marekani Kaskazini zilisimamisha WindSeeker, mnara wa viti vya kuning'inia uliofika futi 301 kule Cedar Point, yaani mita 92 hivi. Viti vilizunguka polepole kileleni, na tofauti na bembea ya mkono, urefu ule haukuongeza hisia yoyote mwilini zaidi ya hofu ya kuangalia chini. Mwaka 2012 mnara wa Knott's Berry Farm ulikwama ukiwa na watu juu kwa karibu saa nne. Minara yote ya aina hiyo ikasimamishwa kwa muda, na ule wa Knott's ukang'olewa ukapelekwa bustani nyingine. Urefu unaoongeza muda wa kukosa uzito una maana. Urefu wa kujaza namba kwenye tangazo hauna.

Nije kwenye usalama, ambalo najua ndilo linalokunyima usingizi. Julai 2025, katika bustani ya Green Mountain huko Al Hada karibu na Taif, mashine iitwayo 360 Degrees ilikatika nguzo ikiwa inafanya kazi, ikaanguka na watu wake, na watu 23 wakajeruhiwa. Miaka minane kabla, tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, bembea ya jina la Fireball iliachia safu ya viti ikiwa hewani. Kijana wa miaka 18 alifariki na wengine saba wakajeruhiwa. Mtengenezaji, kampuni ya KMG ya Uholanzi, alieleza baadaye kwamba kutu iliyokuwa ndani ya boriti ilikuwa imeula ukuta wa chuma mpaka ukawa mwembamba mno. Neno la kuzingatia ni ndani. Kwa nje boriti ilikuwa na rangi yake nzuri.

Bembea ina tabia moja inayoitofautisha na majengo mengine ya chuma: mzigo wake unageuka kila baada ya sekunde chache. Ikibembea mara 12 kwa kila safari, safari 12 kwa saa, kwa saa nane, mkono wake umepinda huku na huku zaidi ya mara 1,100 kwa siku moja, na katika misimu kumi ya siku 150 umefanya hivyo zaidi ya mara milioni moja na nusu. Chuma hakichoki kwa uzito mkubwa wa mara moja bali kwa marudio hayo, na uchovu huanzia kwenye viungo vilivyolehemiwa, kwa ufa usioonekana kwa macho. Kuutafuta ni kazi ya subira. Fundi hukwangua rangi kuzunguka kiungo mpaka chuma kitupu, akakipulizia rangi nyembamba nyeupe, akakishika kwa sumaku, kisha akamwagia kimiminika chenye unga mweusi wa chuma. Kiungo kikiwa kizima, unga unateleza na kuisha. Kikiwa na ufa, sumaku inavuja pale penye ufa na unga unajikusanya, ukaona mstari mweusi mwembamba kama unywele ukijichora wenyewe kwenye weupe. Kwa kutu ya ndani hutumika mawimbi ya sauti yanayopima unene wa ukuta kutokea nje, kazi ambayo inahitaji mtu anayejua apime wapi, kwa kuwa hakuna anayeweza kupima kila sentimita.

Uingereza ina mfumo wa ukaguzi uitwao ADIPS, ambao unataka kila mashine ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka na mkaguzi huru, na mwenye mashine awe na hati inayothibitisha hilo. Juu ya hapo kuna ukaguzi wa kila asubuhi kabla ya lango kufunguliwa. Mfumo huo haukuizuia ajali ya The Smiler, kwa sababu ile haikutokana na chuma bali na binadamu waliolibatilisha zuio la kompyuta wakidhani limekosea. Lakini kwa aina ya hatari inayoikabili bembea, yaani ufa na kutu, ndio mfumo ninaouamini, na zaidi kwa mashine za kudumu kuliko kwa zile za kuhamahama, ambazo hufunguliwa boliti na kufungwa tena katika kila mji.

Wasiwasi wangu kwa Aviktas uko kwenye mambo mawili ya mahali. La kwanza ni chumvi. Mtu wa pwani anajua bati la Nyali na bati la Voi haviishi umri mmoja, na ufukwe wa Blackpool unapokea upepo wa bahari mwaka mzima, kwa hiyo vipimo vya unene wa boriti vitapaswa kufanywa mara nyingi kuliko ambavyo bembea kama hiyo ingehitaji Tamworth. La pili ni upepo wenyewe. The Big One, rolakosta iliyo jirani, hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya upepo, na mkono wa mita kadhaa wenye duara la viti mwishoni nao utakuwa na kikomo chake. Hapo ndipo udhaifu wa bembea unapojitokeza: rolakosta ikipata hitilafu kwenye gari moja, inaondolewa na magari mengine yanaendelea, bembea ikipata hitilafu, imefungwa yote, na kipuri huenda kikasubiriwa kutoka kwa mtengenezaji nje ya nchi. Ndiyo maana sioni Aviktas kama kitu kinachoweza kushika nafasi ya mashine ndogo mbili au tatu. Bustani iliyo na bembea moja kubwa na hakuna nyingine imeweka mayai yake yote kwenye chombo kimoja kinachotikisika.

Kwa safari yenu, nashauri mchague siku ya katikati ya juma isiyo na upepo mkali na mwende kwenye bembea lango likifunguliwa tu, kwa kuwa foleni yake itasonga polepole kuliko ya rolakosta hata ikionekana fupi. Pimeni kimo cha watoto nyumbani wakiwa wamevaa viatu, mkalinganishe na masharti yaliyopo kwenye tovuti ya bustani, kwani mhudumu wa jukwaani hana ruhusa ya kusamehe hata sentimita moja. Na kama wewe mwenyewe utapanda na ukahisi kichefuchefu, usiyakazie macho magoti yako: kiungo cha mizani kilicho sikioni kitaendelea kusema unazunguka huku macho yakisema umetulia, na kutoelewana huko ndiko kunakokutapisha. Elekeza macho kwenye mstari wa bahari kila unapouona.